San Andreas, Bølgen au The Impossible: tutundike ipi Jumamosi?

Kwetu hapa Malindi, mtaa wa Shela, Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunatundika shuka jeupe ukutani uani kwa nyanya tukatazama sinema. Projekta ni ya kuazima, spika ni ile ya harusi, stima ni ya majaliwa. Kazi ya kuchagua imeniangukia mimi kwa kuwa ndimi mwenye laptopu, na kila mwezi nalaumiwa. Mwezi huu watoto wameshikilia sinema ya maafa: wataka majumba yaporomoke na bahari ipande mjini.

Basi nimezitazama tatu, usiku mmoja mmoja, pamoja na mjomba na mpwa wangu wa kidato cha tatu. Mjomba alikuwa nahodha wa jahazi miaka mingi, na hakuna sinema ya bahari aliyopata kuimaliza bila kuikosoa. Nazipanga hapa sambamba kwa faida ya yeyote mwenye watazamaji kama wangu: watoto wa miaka minane, vijana, nyanya asiyesoma Kiingereza, na mzee mmoja anayeijua bahari kuliko mtunga sinema.

San Andreas ni ya mwaka 2015, imeongozwa na Brad Peyton, na mwigizaji wake mkuu, mwenye mwili, ni Dwayne Johnson. Bølgen, maana yake Wimbi, ni ya Norway, mwaka huohuo, imeongozwa na Roar Uthaug. The Impossible ni ya 2012, ya Mhispania J.A. Bayona, na inasimulia tsunami ya 2004 kule Thailand. Ya kwanza iligharimu dola milioni 110 hivi. Ya pili ilitengenezwa kwa fedha ambazo hazifiki hata sehemu moja ya kumi ya hizo. Weka hilo akilini, tutalirudia.

San Andreas ndiyo niiitayo sinema ya maafa ya wastani, wala si tusi. Ni kama pilau ya harusi ya watu mia tano: wajua itakuja na nini, wajua nyama itakuwa chache, na bado unakwenda. Ina mtaalamu anayejua kabla ya wengine. Ina mume na mke walioachana ambao zilizala itawapatanisha. Ina binti aliye mbali, tajiri mwoga, na jengo maarufu ambalo sharti livunjike. Hapa limevunjwa Bwawa la Hoover mwanzoni tu, kabla watu hawajamaliza kukaa vizuri mikekani. Nguvu ya sinema ya namna hii ni kwamba haihitaji lugha. Nyanya yangu angeitazama mwanzo hadi mwisho bila kuulizia neno: ardhi inatikisika, baba anatafuta mtoto, tajiri anakimbia. Vijana wa mtaani waliolelewa na sinema za DJ Afro, zenye sauti ya kusimulia juu kwa juu, wangeweza hata kujitolea kuisimulia wenyewe, na pengine ingenoga zaidi.

Udhaifu wake nao wote unaujua. Mjomba aliusema dakika ya arobaini hivi. Yule baba ni rubani wa helikopta ya uokoaji ya zimamoto ya Los Angeles. Mji unateketea, kaitwa kazini, naye anaigeuza helikopta ya umma kwenda kumchukua mkewe juu ya ghorofa, kisha wanaondoka pamoja kumtafuta binti San Francisco. Mjomba akauliza: "Huyu si ameajiriwa kuokoa watu? Mbona anaokoa nyumba yake?" Nikamwambia ndivyo sinema zilivyo. Akasema nahodha akiruka na mashua ya kuokolea, akawaacha abiria, hata mkewe hatamtazama usoni. Tangu hapo sikuweza tena kumshangilia yule rubani kwa moyo mmoja.

Maji yao na maji yetu

Hapa ndipo nilipotaka kukaa zaidi, kwa sababu sisi wa pwani maji tunayajua.

Tarehe 26 Desemba 2004 ilikuwa Jumapili, mwezi mpevu, maji ya bamvua. Tetemeko la kipimo cha 9.1 lilipiga karibu na Sumatra kama saa kumi za alfajiri kwa saa zetu, na maji yakafika pwani ya Kenya mchana. Watu walikuwa wamekwisha kutolewa ufuoni. Kenya nzima alikufa mtu mmoja. Majirani zetu Somalia walikufa karibu 300, na kwa jumla ya nchi zote walikufa zaidi ya 220,000. Mjomba anasema bahari siku ile ilikuwa kama mtu anayepumua kwa tabu: inajaa, inakupwa, inajaa tena, bila kufuata saa yake. Hakuna ukuta wa maji alioona. Aliona maji yasiyotii.

Hilo ndilo kosa la kwanza la sinema ya wastani. Inadhani tsunami ni wimbi la kawaida lililonenepa, lenye shingo na povu, linalosimama juu ya mji likingoja kupigwa picha. Katika kina kirefu tsunami hukimbia kwa mwendo wa ndege ya abiria, lakini chombo kilichoko hapo hakina habari. Setilaiti iliyopita juu ya Bahari Hindi saa mbili baada ya lile tetemeko la 2004 ilipima mwinuko wa kama sentimita 60 tu. Ikifika maji madogo ndiyo hupunguza mbio na kurundikana, na mara nyingi huingia nchi kavu kama maji kujaa ambayo hayaachi kujaa.

San Andreas ina kosa jingine kubwa kuliko hilo. Ufa wenyewe wa San Andreas upo kweli, una urefu wa zaidi ya kilomita 1,200, na mwaka 1906 ulitoa tetemeko la 7.9 lililoibomoa San Francisco. Lakini pande zake mbili huteleza kwa ubavu, kama madau mawili yanayopishana mlangoni mwa bandari. Sehemu kubwa yake iko nchi kavu. Ili tetemeko liinyanyue bahari, sakafu yake lazima inyanyuke au izame. Hapa hakuna kinachoinyanyua. Sinema inatoa tetemeko la 9.6, kubwa kuliko lolote lililowahi kupimwa duniani, maana la Chile la 1960 lilikuwa 9.5. Kipimo kikipanda namba moja nzima, nguvu huongezeka kama mara 32, kwa hiyo usione 7.9 na 9.6 ni jirani. Pia kuna mahali ardhi imeachama kama mdomo, watu wakachungulia ndani. Pande zisizogusana hazisuguani, na bila msuguano hakuna tetemeko.

Nilitaraji mjomba ataizima laptopu. Hakuizima. Kuna kipande ambapo rubani na mkewe wamo ndani ya boti, wimbi linakuja, na badala ya kukimbia wanaligeuzia omo, yaani pua ya boti, na kulipanda kabla halijavunja. Mjomba alinyanyuka kitini. "Hapo sawa!" Ukiligeuzia wimbi tezi, yaani nyuma ya chombo, umekwisha; ukiligeuzia ubavu umekwisha upesi zaidi. Kisha meli ya makontena ikatokea juu ya wimbi lilelile, akaketi tena akicheka. Lakini kwa dakika mbili hivi sinema ya dola milioni 110 ilikuwa imempata, naye si mtu rahisi.

Bølgen inatoka kwenye jambo la kweli. Norway ina ghuba nyembamba zilizozungukwa na milima mirefu, na mlima ukimeguka ukaangukia majini, wimbi hupanda kwa urefu usioaminika. Loen walikufa watu 61 mwaka 1905, na Tafjord walikufa 40 mwaka 1934. Mlima wa Åkerneset una ufa unaopanuka kila mwaka, na wataalamu wanaulinda kwa vipimo mchana na usiku. Ukianguka, kijiji cha Geiranger kitakuwa na dakika kama kumi. Wimbi la kwenye sinema lina zaidi ya mita 80, na safari hii urefu huo si chumvi: Alaska mwaka 1958 mlima ulimeguka ghubani, maji yakaparamia kilima cha pili hadi mita 524. Sinema nzima inalionyesha wimbi mara moja tu, usiku, kwa muda mfupi. Fedha ilikuwa hiyo tu. Naona ufukara huo uliwasaidia, maana kitu unachokiona mara moja hukizoei.

The Impossible nayo haionyeshi ukuta. Inaonyesha maji machafu, ya rangi ya chai, yaliyobeba mbao, magodoro, magari na matawi. Sehemu kubwa ya hayo ilipigwa picha ndani ya birika kubwa kule Alicante, Hispania. Mtu haumizwi na maji. Anaumizwa na vilivyomo majini. Mjomba alinyamaza muda wote, na mwisho akasema neno moja tu: "Ndiyo."

Dakika kumi

Kama ningepewa kigezo kimoja cha kupimia sinema ya maafa, ningeangalia inafanya nini kabla maji hayajafika.

Sinema ya wastani haiwezi kungoja. Inaogopa mtazamaji atatoka kwenda kununua viazi karai. Kwa hiyo San Andreas inaanza na gari kuning'inia jabalini, inavunja bwawa, inatikisa Los Angeles, inatikisa San Francisco, inatikisa tena, kisha inaleta tsunami. Kufikia kivumo cha nne watoto watakuwa wanacheza. Hata hivyo niitendee haki: yule mtaalamu wake anawaambia watu waingie chini ya meza na kushika imara, na huo ni ushauri wa kweli. Mtoto akibaki na hilo pekee, umeme haukupotea bure.

Bølgen inakaa karibu nusu ya muda wake bila kitu kuanguka. Mwanajiolojia anafunga virago kwenda kufanya kazi ya mafuta mjini, vipimo vinaanza kusema ovyo, maji ya ardhini yametoweka, na wenzake wanaona aibu kubonyeza kengele. Wanaogopa kuwakimbiza watalii bure. Sisi mji wetu unaishi kwa watalii, aibu hiyo tunaijua. Kisha king'ora kinalia usiku, na saa inahesabu dakika kumi. Watu wanatoka na nguo za kulalia, magari yanajipanga kwenye barabara moja ya mlimani, na foleni inasimama. Hakuna anayepiga kelele sana. Wanatazama saa.

Tulipoimaliza, mpwa wangu akauliza swali ambalo San Andreas haikumtoa: sisi tungekimbilia wapi? Mji wetu ni bapa, nguzo ya Vasco da Gama imesimama juu ya mwamba lakini huwezi kupanga mji mzima pale. Akasema Ganda. Mjomba akasema dakika kumi hufiki Ganda, utakwama na tuktuk sokoni. Tukabishana mpaka usiku wa manane kuhusu ghorofa zipi ni imara, nani angembeba nyanya, na kama muadhini atangulie kutangaza au kukimbia.

Jirani

Katika San Andreas wanakufa maelfu, na hatujui jina la hata mmoja isipokuwa wachache. Majengo yanaanguka na watu ndani, kama masanduku matupu. Mwisho familia inakumbatiana, bendera inafunguliwa darajani, nasi tunatakiwa tufurahi. Huo ndio mkataba wa sinema ya wastani: walio mbele wapone, walio nyuma ni hesabu. Yupo mtafiti mmoja anayekufa bwawani akimwokoa mtoto mdogo asiye wake. Kwangu mimi ndiye shujaa, naye hakai hata nusu saa.

Bølgen inajaribu zaidi. Baba anasimama njiani kumsaidia jirani aliyebanwa, na jirani huyo haponi. Mama naye amenaswa chini ya hoteli pamoja na mwanawe na mgeni mmoja, maji yanapanda. Mgeni anapandwa na wazimu wa kuzama na kumdidimiza kijana. Mama anamdidimiza yeye mpaka atulie. Sinema hailifafanui tendo hilo wala hailitolei machozi, inaendelea tu. Nilisimamisha laptopu pale. Mpwa alisema ana haki. Mjomba alisema ana haki lakini asingelala tena. Sinema ya wastani ingemfanya yule mgeni kuwa mwizi kwanza, ili tusisumbuke.

The Impossible ndiyo pekee iliyo na jirani katikati ya hadithi. Mama, aliyeigizwa na Naomi Watts, mguu umechanika vibaya, yuko na mwanawe mkubwa, Tom Holland alipokuwa bado mdogo. Wanasikia mtoto analia mahali. Kijana anataka wapande mti kwanza, wimbi jingine laweza kuja. Mama anasema waende wamchukue. Baadaye wanakijiji wa Kithai wanamkokota mama yule matopeni, na wanawake wanamsitiri kwa nguo zao bila lugha ya kuelewana. Kipande kile kinashinda mawimbi yote ya San Andreas.

Lakini nayo ina doa, na doa lenyewe ni zito. Familia ya kweli iliyopatwa na mkasa huo ilikuwa ya Kihispania, ya María Belón; sinema imewageuza Waingereza. Na Thailand walikufa zaidi ya watu 5,000, wakiwamo maelfu ya wenyeji, ambao katika sinema hawana nyumba, hawana watoto waliopotea, wana mikono tu ya kusaidia wageni. Mtu wa Malindi hahitaji kuelezwa sana. Likitokea hapa, wakatengeneza sinema, tungekuwa wale wanaobeba machela nyuma ya Mtaliano.

Aliyezama akafufuka

Hili ni fupi. Katika San Andreas binti anazama, anakatiwa tamaa, baba anamkandamiza kifua, anakohoa maji, anafumbua macho. Nilimwambia mpwa: ngoja Bølgen, wale ni watu wa maana, hawafanyi hivyo. Bølgen wakafanya vilevile, safari hii aliyezama ni baba, na mama amekwisha kukata tamaa, mtoto akaendelea. Kila kitu, mpaka ule ukimya wa kutisha kabla ya kikohozi. Mpwa alinicheka hadi machozi. Sinema iliyochota hofu yake kwenye dakika kumi za ukweli ikaishiwa ujasiri dakika ya mwisho.

The Impossible imenusurika hapo, kwa sababu kupona kwao kulitokea kweli. Ingawa muziki wake unakukamata shati kukulazimisha ulie.

Mambo ya uani

Urefu: San Andreas na The Impossible zina dakika 114 kila moja, Bølgen kama 105. Ukianza baada ya isha, zote zinawahi kabla watoto hawajalala mikekani.

Watoto: San Andreas haina damu ya kutisha ukilinganisha na idadi ya wanaokufa, jambo ambalo ukilifikiri lenyewe linatisha. The Impossible ina majeraha yanayoonekana wazi, na kuna mahali mwili wa mama unaonekana nguo zikiwa zimechanika. Kama uani kuna wakwe, au mama na wanawe wa kiume wamekaa mkeka mmoja, jua mapema. Mimi singeiweka. Vilevile singeiweka mbele ya mtu aliyepotewa na mpendwa wake baharini, na mtaa wetu una nyumba kadhaa za namna hiyo.

Lugha: hapa Bølgen inaumia. Wanasema Kinorwe, maandishi ya chini ni ya Kiingereza, na nyanya hana habari na yote mawili. Ukiweka msimulizi wa kelele utaiua, kwa kuwa nusu yake ni watu kunyamaza wakitazama mlima. Ahitajika mtu wa kusoma taratibu, kwa Kiswahili, na kunyamaza panaponyamazwa.

Spika: San Andreas inaitaka ile ya harusi. Bølgen spika ndogo inatosha, ila king'ora kile usikipunguze.

Basi ukiwa na watoto wengi, usiku mmoja, na hutaki maswali kesho yake, weka San Andreas na ununue viazi vya kutosha. The Impossible itazame wewe na mtu mmoja mnayeaminiana, mlango umefungwa. Mimi nimechagua Bølgen. Mpwa amekubali kuisoma kwa shilingi 200 na sahani ya mabuyu, na ameahidi hatawaambia wenzake kuhusu kile kikohozi. Nyanya ameshatumiwa salamu kwamba safari hii ni mlima ndio utakaoanguka, si nyumba. Amejibu kwamba mlima hana, basi atakuja kutazama.